Stara ya Shangazi

Hina mbichi ikitiwa ndimu hutoa harufu ya majani yaliyolowa, na watu wa kwetu wakiinusa hukumbuka harusi. Mimi huhisi baridi. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno; vidole vyangu hufa ganzi kweli, hata kama nimekaa jikoni na oveni inawaka. Harufu hiyo hunirudisha Kings Heath, mjini Birmingham, kwenye nyumba yetu ya matofali mekundu iliyobanwa katikati ya nyumba nyingine za aina yake, mwaka wa elfu mbili, nilipokuwa na miaka kumi na Idi Kubwa ikatuangukia mwezi wa Machi. Mama alikuwa ndani, amejifungua mdogo wangu na arubaini haijatimia. Shangazi Zuhura, dada yake mkubwa Baba, alikuwa ametoka Unguja kuja kumlea mzazi, na kila asubuhi alimkanda Mama kwa maji ya moto mpaka bafu likajaa mvuke na ukuta ukaanza kuota ukungu. Mkesha wa Idi alinipaka hina mimi, kisha akajipaka mwenyewe mpaka kwenye vifundo vya mikono. Baba alifukiza udi, king'ora cha moshi kikalia, naye akasimama chini yake akikipepea kwa sinia huku jirani akigonga mlango kuuliza kama nyumba inaungua. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa mjane, mnene kiasi, mwepesi wa mzaha. Baba alifiwa na mama yake angali mdogo, na Shangazi ndiye aliyembeba, akamwogesha na kumpeleka chuoni kusoma Kurani, kwa hiyo hata Baba alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto wake, Shangazi alimwuliza mezani kama amenawa. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha hata kidogo, nalo ni stara. Mtu wa posta akigonga, alimwacha angoje mpaka amejifunika sawasawa, na mara mbili tulikosa kifurushi kwa sababu hiyo. Kwake yeye stara haikuwa nguo tu. Mtu akikosea na wewe ukanyamaza, umemsitiri. Mgeni akikuta sufuria tupu na wewe ukaifunika, umejisitiri. Mimi nilikuwa mtoto wa Birmingham, nikiambiwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na mpaka leo neno hilo sijalipatia mwenzake katika lugha niliyosomea shule. Nililitafuta sana baada ya siku ile, maana nilikuwa na watu wa kuwaeleza.

Jumapili iliyofuata Idi jua liliwaka. Mtu asiyeishi Uingereza hawezi kujua jua la namna hiyo linavyoweza kumtia mtu wazimu. Miezi mitano tumeishi chini ya mawingu, radieta za kupasha nyumba joto zinagugumia, nguo hazikauki, halafu asubuhi moja anga limekuwa buluu na watu wa High Street wanatembea na mikono mitupu. Baba alifungua dirisha, akavuta pumzi, akasema leo hatukai ndani, leo dada yangu ataonjeshwa boti. Mama alisema kutoka kitandani kwamba bado ni baridi. Baba akamjibu kwamba baridi imeshakwenda zake, haoni jua? Alikuwa akifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha mikate na siku za jua alizozipata mchana zilihesabika. Isitoshe, alikuwa na sifa yake ya kutunza. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa kujirusha kutoka ukutani Forodhani pamoja na vijana wenzake, na sisi aliotuzaa alituita watoto wa bafu. Shangazi akavaa baibui lake jeusi na juu yake mtandio wa hariri wa rangi ya zambarau, zawadi ya Idi ambayo Baba alikuwa amemnunulia, akajitazama kwenye kioo cha ukumbini, tukatoka.

Bwawa lenyewe lilikuwa kubwa, limezungukwa na njia ya watu wa kutembeza mbwa, na pembeni palikuwa na kibanda cha kukodisha boti ndogo za makasia. Ndio kwanza walikuwa wamefungua baada ya majira ya baridi. Mwenye kibanda alitupa majaketi matatu ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa, yaliyonuka uvundo. Langu alinifunga mwenyewe. Shangazi alilitazama lake, akalitazama baibui lake, akalirudisha kwa adabu. Baba alilipokea lake, akalikunja, akaliweka kwenye ubao wa boti na kulikalia. Mwenye kibanda akasema tuangalie, maji ni baridi sana, mtu akianguka humkata pumzi. Baba akatikisa kichwa kwa tabasamu la mtu anayefundishwa kula na mtoto. Nami, kwa kuwa nilikuwa mkalimani wa Shangazi popote tulipokwenda, nikajitahidi kwa Kiswahili changu cha kuokoteza: "Shangazi, anasema, maji ya baridi sana." Shangazi akaangua kicheko. "Maji ya baridi? Mwambie kwetu tunayanunua!" Baba akacheka mpaka boti ikayumba. Nilitazama ufukweni, nikawaona wavulana wawili wa darasani kwangu wakivua samaki, na nikatamani Baba na Shangazi wawe watu wa kimya. "Dad, vaa tu please," nikamwambia, "everyone's looking." Hakuvaa.

Nimewahi kujiuliza kama ningaliweza kufasiri vizuri zaidi, nikaona hapana, neno lenyewe ndilo lililokuwa la kwao. Kwa mtu aliyekulia pwani yetu, baridi ya maji ni neema. Mgeni hukaribishwa kwayo, aliyefunga huiota mchana kutwa. Na bahari yao huwa na joto hata alfajiri wakati hewa ina ubaridi, kwa hiyo Baba alijua, kwa ujuzi wa mwili wake, kwamba maji ni moto kuliko upepo. Siku hizi najua kwamba kwa bwawa la Uingereza mwezi wa Machi ni kinyume chake. Jua la siku moja huamsha maua na kuwatoa watu nje, lakini maji yale bado yamelala na baridi yote ya Januari. Waliosema maji usiyoyafika hujui kina chake hawakufikiria kwamba yako maji ambayo hata kina si kitu, ukiyaingia tu yamekumaliza.

Tulikuwa katikati ya bwawa upepo ulipokuja. Ulikuja mmoja tu, wa ghafla, ukauinua mtandio wa Shangazi na kuupeleka juu, kisha ukaulaza juu ya maji mbali kidogo na sisi, kama kutoka mlangoni kwetu hadi ng'ambo ya barabara. Shangazi alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, ile mikono yenye hina, akijaribu kuzifunika nywele zake za mvi zilizosukwa twende kilioni, na kusema, "Ya Rabbi, stara yangu! Salum, stara yangu!" Wavulana wa darasani waliinua vichwa. Wenye mbwa walisimama. Mtu mwingine yeyote angaligeuza boti na kuufuata mtandio taratibu kwa makasia, lakini upepo ulikuwa unautembeza, na Baba alikuwa amemwona dada yake, aliyemwogesha na kumvisha, amekaa kichwa wazi mbele ya wanaume. Alivua koti na viatu. Nadhani pia alitaka kutuonyesha, mimi na wale wavulana na bwawa zima, mtoto wa Forodhani ni nani. Akasema, "Usijali, dada," akaruka.

Alipoibuka alitoa sauti moja, ya kuvuta hewa ndani kwa nguvu, kisha nyingine, kisha nyingine, haraka haraka, wala hakuweza kuitoa hewa wala kusema. Nilicheka. Nilidhani anatutania, maana alikuwa na michezo hiyo. Alipiga mikono kuelekea kwenye mtandio, akaenda kidogo, halafu mikono ikaanza kupiga maji ovyo, pasipo mpango, na macho yake yakatugeukia. Shangazi ndiye aliyetambua. "Huyu hatanii," akasema, akaacha kichwa na nywele na watu, akashika kasia. Hakuwa amewahi kushika kasia maishani mwake, ila kwa namna fulani aliisogeza boti. Mimi nilivuta lile jaketi lililokaliwa na kulitupa, upepo ukalichukua, likaenda zake nyuma ya mtandio. Shangazi akamnyooshea Baba kasia. Mfa maji haachi kutapatapa, na Baba alilifikia, akaligusa, lakini vidole havikufumba. Niliviona vimekaa wazi juu ya kasia lile kana kwamba si vyake. Yeye, muogeleaji, alikuwa anazama mbele ya macho yangu, karibu kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati lake.

Hapo Shangazi akasimama katika boti ile inayoyumba, akalivua baibui lake. Alilivuta juu na kulipitisha kichwani mara moja, akabaki na gauni jepesi la nyumbani lisilo na mikono, kichwa wazi, mikono wazi, mbele ya Birmingham nzima iliyokuwa imetoka kuota jua. Alilisokota, akalirusha. "Pitisha kwapani! Salum, usilishike, pitisha kwapani!" Sauti ilikuwa ile ya kumwambia anawe mikono, na Baba akaitii. Akalizungusha chini ya kwapa, akalibana kwa mkono, Shangazi akamvuta hadi ubavuni mwa boti na kulifunga baibui kwenye ubao. Mimi aliniamuru nikae upande wa pili nisiinuke, nilete uzito. Hakujaribu kumpandisha, alisema tukimvuta ndani tutapinduka sote. Alipiga magoti, akamkumbatia chini ya makwapa, shavu kwa shavu, mikono yake majini mpaka mabegani, akisoma sura fupi fupi moja baada ya nyingine kwa sauti kubwa, mpaka mwenye kibanda alipotufikia na boti yake ya injini.

Ufukweni watu walitutendea wema. Nalisema hili kwa sababu katika aibu yangu nililisahau kwa miaka mingi. Walimvua Baba nguo zilizolowa pale pale majanini, zote, wakamfunga kwa mablanketi na ile karatasi inayong'aa ya watu wa ambulensi, na mimi nikageuza uso nisimwone. Shangazi alitaka kumsugua miguu, akawa anauliza maji ya moto yako wapi amkande, maana ndivyo anavyotibiwa mtu wa kwetu aliyepigwa na baridi. Mhudumu wa ambulensi akamzuia, akanieleza nimfasirie: mtu aliyetoka kwenye maji kama yale hasuguliwi wala hatiwi maji ya moto, moyo unaweza kusimama, hupashwa joto polepole, akiwa amelala. Shangazi akairudisha mikono yake. Ndipo alipokumbuka kwamba yuko wazi. Alianza kutetemeka, akajikunyata nyuma yangu, mimi mtoto mdogo, ajifiche. Mwanamke mmoja mwenye mbwa akavua koti lake akamvisha, kisha akavua na kofia yake ya sufu, ya rangi za timu ya mpira, akamvisha kichwani na kumshushia mpaka masikioni. Shangazi aliingia hospitali na kofia ile na hakuivua mpaka nyumbani.

Baba alilala huko siku mbili, akapona. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, Shangazi akimmenyea chungwa, na tulijua kwamba jioni ataruhusiwa kurudi nyumbani, na watu wataanza kuja kumjulia hali, wa kutoka misikitini, wa kiwandani, jamaa wa Moseley na wanafunzi wetu wa Selly Oak. Baba alitazama dari. Akasema, "Dada, nisitiri." Shangazi akaendelea kumenya. "Nimeshakusitiri, Salum," akasema. Sikuwaelewa mpaka wageni walipofika nyumbani, wakauliza ilikuwaje, na Baba akawaeleza kwamba aliteleza akaanguka, mzungu mmoja akamtoa, Mwenyezi Mungu amjaalie kila la heri. Mtandio haukutajwa. Baibui halikutajwa. Shangazi alikuwa akipita na sinia ya chai, akaitikia amina pamoja na wengine. Nilifungua mdomo, Mama akanitazama, nikaufunga.

Kama mambo yangaliishia hapo, pengine nisingeyaandika. Lakini ufukweni palikuwa na macho, na yako macho yanayotujua. Wiki chache baadaye, katika shughuli ya wanawake nyumbani kwa mtu, nilisikia wakinong'ona kwamba kuna mwanamke wa Kizanzibari aliyevua nguo bwawani, hadharani, kwenye boti, amesimama wima. Walikuwa wanamtazama Shangazi huku wanasema. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hina ya Idi imebaki kwenye kucha tu. Neno moja tu lingetosha kumtoa kwenye midomo yao: nilimvulia ndugu yangu anayezama. Hakulisema, kwa sababu nyuma ya neno hilo alikuwa amesimama Baba, muogeleaji aliyeshindwa na maji matulivu na kuokolewa na dada yake. Akala kipande chake cha keki, akaaga. Nami shuleni nilikuwa na yangu, wale wavulana wakiniuliza kila siku kwa nini mtu arukie maji kwa ajili ya kitambaa. Arubaini ya Mama ilipotimia tu, Shangazi alisema amekumbuka kwao, ingawa tiketi yake ilikuwa na mwezi mzima mbele. Baba alimsindikiza uwanja wa ndege. Tangu aliporudi hakutuita tena watoto wa bafu.

Binti yangu Asya sasa ana miaka kumi, na majuzi shule yao iliwapeleka kwenye bwawa lile lile kujifunza kupiga makasia. Mimi na Baba tulikwenda kuwatazama. Kibanda kimekuwa jengo la vioo, hakuna anayeachwa kulikalia jaketi lake, na kila mtoto huvikwa nguo nzito ya mpira kabla hajasogea majini. Mwalimu aliwafundisha kwamba ukianguka, usiogelee kwanza. Lala chali, elea, ngoja pumzi irudi, na usiondoke kwenye boti. Baba aliyasikia hayo kwenye benchi, mzee wa kofia na mkongojo. Nilitaka kumwambia, unaona, hukuwa dhaifu, hakuna ambaye angaliweza. Sikumwambia, kwa kuwa katika nyumba yetu hatukuwa na lugha ya jambo hilo. Mficha uchi hazai, husema watu wetu, nasi tuliuficha mpaka ukazeeka. Utotoni niliona haya kwa sababu ya kichwa kitupu cha Shangazi. Leo naona haya kwa kuwa tulimwacha aende nacho peke yake.

Baba akanitaka nimpigie dada yake simu, amwonyeshe. Uso wake ukajaa kwenye kioo, amejitanda khanga, meno ya mbele hayapo. "Ndiyo maji yale?" akauliza. Baba akasema ndiyo yale. Asya alikuwa ametoka majini, nywele zinachuruzika, akaingiza kichwa baina yetu. Hadithi ya babu yake na mzungu ameikuta nyumbani kama alivyokuta samani. "Bibi," akasema, "that English man, was he really strong?" Nikafasiri, maana kazi yangu ni ile ile. Baba aliangalia viatu vyake.

"Mzungu?" akasema Shangazi. "Eee, alikuwa na nguvu huyo. Mnene hivi. Na hina mpaka hapa." Akainua mkono, akaonyesha kifundo.

Asya alikunja uso. "Henna? Babu, mzungu alikuwa na hina?"

Baba alinipokonya simu, akaishika kwa mikono miwili. Nikadhani ataikata. Badala yake akaigeuza, ili mjukuu wake auone uso vizuri. "Hakuwa mzungu," alimwambia, kwa sauti ya kusikika na walimu. "Alikuwa huyu. Alivua baibui lake mbele za watu, hapa hapa, akanitoa. Nikamwambia anisitiri, akanisitiri mpaka leo."

Shangazi akajisogeza karibu na kioo, akamtazama ndugu yake kuanzia kofia hadi kifuani.

"Salum," akasema, "funga koti. Hapo pana upepo."